Nimeangalia The Power of the Daleks ya katuni hapa Moshi: sauti za 1966, miguu ya mbao, na mama yangu pembeni

Wadau habari za saa hizi. Nilisema nikiimaliza hii dividii nitaandika, basi nimeimaliza juzi Jumapili usiku, tena kwa mbinde maana LUKU ilikata katikati ya sehemu ya tano na laini yangu ya kununulia umeme ilikuwa haina salio, ila tutafika huko.

Kwa asiyeijua, Doctor Who ni tamthilia ya BBC ya Uingereza, ilianza Novemba 1963 na mpaka leo watu wanaipigia kelele, inamhusu jamaa anaitwa Daktari, sio binadamu ingawa sura ni ya binadamu, anazunguka kwenye muda na kwenye sayari akiwa ndani ya kibanda cha bluu cha polisi ambacho ndani ni kikubwa kuliko nje. Mi nimeambukizwa na binamu yangu yuko Leicester huko, yeye ndo aliniletea hii dividii Desemba alipokuja kula sikukuu, kaipata ya mtumba, na kaniambia kabisa we si unapenda vitu vya zamani, haya angalia hii.

Sasa hii The Power of the Daleks (Dalek ndo maadui wakubwa wa Daktari, viumbe waliojificha ndani ya magamba ya chuma) ilirushwa kwa wiki sita kuanzia tarehe 5 Novemba 1966, sehemu sita, na kati ya hizo sita hakuna hata moja iliyobaki kwenye picha, ukiacha vipande vifupi vifupi vya hapa na pale. Zilifutwa zote. Kanda za video enzi hizo zilikuwa za bei mbaya, kwa hiyo BBC walikuwa wakisharusha kitu wanafuta wanarekodi kingine juu yake, halafu mikataba ya waigizaji ilikuwa hairuhusu kurudiarudia ovyo, na tivii ya rangi ilipokuja nani tena ana shida na ya nyeusi na nyeupe. Kopi za filamu za milimita 16 walizokuwa wanauza nje, hata huku Afrika, Kenya na Uganda na Zambia na Nigeria, nazo zikishamaliza mzunguko wake zinarudishwa au zinateketezwa, basi.

Najua kuna mtu hapo anataka kuwatukana. Mi siwezi, maana kwetu Majengo kuna kanda ya VHS imeandikwa HARUSI 1991 kwa peni nyekundu, hayo maandishi yamekatwa mstari mmoja, chini yake kwa peni ya bluu BRAZIL–UFARANSA. Ndiyo, ile fainali ya 1998. Baba mdogo alitafuta kanda ya kurekodia mpira akakuta hiyo juu ya kabati, akaweka. Mpaka leo akija nyumbani anapewa chai ya rangi, kwetu ng'ombe hakosi maziwa lakini yeye ni ya rangi tu. Ukiiweka hiyo kanda unaangalia Zidane anafunga kwa kichwa mara mbili, Petit anamalizia la tatu, wanabeba kombe, picha inachafuka, halafu ghafla unaona ndafu, yule mbuzi mzima wa kubanikwa, inaingia ukumbini na majani mdomoni, mashangazi wanaisindikiza wanacheza, kama dakika tatu hivi, kanda inaisha. Hiyo ndo harusi ya wazazi wangu yote iliyobaki. Baba haonekani hata kidogo, na ameshafariki, na hizo dakika tatu sauti ni ya muziki mtupu.

Kwa hiyo nilikaa kuangalia hii dividii nikiwa na hilo kichwani, siwadanganyi.

Kilichowaokoa wale wenzetu ni mashabiki. Kulikuwa na watoto na vijana huko Uingereza wanarekodi sauti ya tamthilia majumbani kwao, kuna wa kuweka maikrofoni mbele ya spika ya tivii huku wanawanyamazisha wazazi, kuna waliokuwa mafundi kidogo wakaunganisha waya moja kwa moja, na kwa sababu yao hakuna hata sehemu moja iliyopotea ambayo sauti yake haipo. Zote sauti ipo! Picha ndo hamna. Halafu kulikuwa na bwana mmoja anaitwa John Cura, yeye biashara yake ilikuwa kupiga picha kioo cha tivii wakati kipindi kinaendelea na kuwauzia waigizaji na watayarishaji wawe na kumbukumbu, hivyo hata sura na mavazi na namna watu walivyosimama vinajulikana. Sauti unayo, picha mgando unazo, maandiko yapo, kilichobaki ni kuchora. Walianza mdogo mdogo mwaka 2006 na sehemu mbili za hadithi inaitwa The Invasion, na hii ya Daleks ikatoka tarehe 5 Novemba 2016, miaka 50 kamili siku ileile.

Haya, tuje kwenye mzigo wenyewe. Deki yangu ya kwanza iligoma, na hili nalisema mapema ili usije ukaniita tapeli. Dividii za Uingereza ni za eneo namba 2, sisi Tanzania tuko namba 5, kwa hiyo deki yenye msimamo inakutolea maandishi ya kukukatalia na inaitema diski. Nikampelekea fundi mmoja pale Double Road akaniambia inafunguliwa kwa rimoti, akabonyeza bonyeza nusu saa, ikawa haiwaki kabisa, na hela ya ufundi akachukua. Nikaenda kuazima deki ya jirani, ile ya Kichina isiyo na jina, imefungwa mpira wa ndala chini isitikisike, ikasoma bila swali lolote. Sina la kuongeza.

Tulikaa watatu, mimi, mama, na mtoto wa dada yangu ana miaka tisa. Mtoto alipoona nyeusi na nyeupe akasema anko hii imeharibika. Nikamwambia tulia. Maana hii kopi yangu ni ile ya kwanza, haina rangi, ya rangi ilikuja baadaye, na kwa maoni yangu nyeusi na nyeupe ndo yenyewe maana ile sauti ina mchanga mchanga wake wa zamani na ukiiwekea rangi za kung'aa naona kama utakuwa umemvalisha bibi jinzi.

Kizuri: sauti. Jamani sauti. Patrick Troughton ndo Daktari hapa na hii ndo mara yake ya kwanza kabisa, na yule mtu anaongea nusu anajisemea mwenyewe, anacheka chini chini, akiulizwa swali gumu anachukua filimbi anapuliza, na unajikuta unasahau kwamba unachokiangalia ni mchoro. Kuna mwanasayansi anaitwa Lesterson, amewaokota Dalek wamekufa ndani ya chombo wakidhaniwa vyuma tu, anawaamsha, na Dalek mmoja anaanza kujinyenyekeza, mimi ni mtumishi wenu, mimi ni mtumishi wenu, kwa ile sauti yao ya kukwaruza. Mama alishtuka kabisa. Akasema huyo ni house boy wa siku ya kwanza, subiri uone wiki ya pili. Na kweli bana, kufika sehemu ya nne wako kiwandani wanazalishana. Yule Lesterson anavyochanganyikiwa kidogo kidogo mpaka mwisho, yote hiyo ni sauti ya mwigizaji Robert James, sura ya katuni haina msaada wowote pale.

Kibaya: miguu. Sijui niseme vipi. Watu wakisimama wako vizuri tu, nyuso zimefanana na wenyewe, kivuli kipo, macho yapo, lakini akianza kutembea ni kama amewekewa rula kwenye goti. Kuna muda mtu anavuka chumba unaona anateleza kama yuko kwenye mkokoteni. Mikono nayo inapanda inashuka kama mlango wa kabati. Mtoto alicheka mpaka akamwaga uji. Na ndo maana Dalek wenyewe wametoka vizuri kuliko watu, maana Dalek hana mguu, anateleza kiukweli, hivyo katuni imemkuta palepale alipo. Tena kwenye hili katuni imeshinda ya 1966, kwa sababu enzi zile walikuwa na Dalek wachache wa kuhesabu, kwenye lile jeshi kiwandani ikabidi wachanganye na Dalek wa kuchezea watoto ili waonekane wengi, ila mchoraji yeye anawajaza tu mpaka ukuta wa nyuma. Ile picha ya mstari mrefu wa Dalek inatisha. Mtoto akaacha kucheka.

Mi Kiingereza chao cha kina bwana mkubwa kinanishinda mahali, lakini maandishi ya chini yapo, na kwa mama nilikuwa namtafsiria palepale kwa sauti, namna ya wakina Lufufu kwenye vibanda umiza, na naomba mniamini nilikuwa moto. Dalek nilimpa lafudhi ya mgambo.

Sasa kitu kilichonifanya nikae kuandika yote haya ni sehemu ya kwanza. Unajua Daktari wa kwanza alikuwa William Hartnell, mzee wa nywele nyeupe, mkali mkali, akawa mgonjwa, kazi ikawa ngumu kwake, na mwaka 1966 watayarishaji wakabuni kitu cha ajabu, kwamba Daktari mwili ukichoka anabadilika anakuwa mtu mwingine, sura nyingine, tabia nyingine, lakini ni yeye. Wakamleta Troughton. Leo tumeshazoea, wamepita wengi, lakini pale ilikuwa mara ya kwanza na watazamaji hawakuwa na uzoefu wowote na hicho kitu, na kwenye hadithi vijana wawili wanaosafiri naye, Ben na Polly, wamebaki na mtu mfupi wasiyemfahamu kavaa suruali inayomning'inia. Polly anataka kuamini. Ben hataki kabisa. Ben anachukua pete ya yule mzee anamwambia kama ni wewe vaa. Pete haimkai, kidole sio kile. Halafu yule mpya anajiangalia kwenye kioo na kwenye kioo anaona sura ya mzee.

Nikasimamisha hapo nimtafsirie mama vizuri. Akaniambia kwani tatizo lao nini? Na akamgeukia mjukuu wake. Huyu mtoto ni wa pili wa kiume kwa dada, kwa hiyo kama ilivyo kwetu amepewa jina la babu mzaa mama, yaani la marehemu baba. Mimi namwita baba. Mama anamwita mume wangu, na akimtuma dukani anamwambia mume wangu kaniletee chumvi na wewe ndo mwenye nyumba hii. Mama akasema, huyu nikimvalisha pete ya babu yake si itadondoka? Na bado ndiye.

Na hapo nadhani ndo nilimwelewa Troughton, maana hamuigizi Hartnell hata sekunde moja. Hajifanyi mzee, haigi kikohozi, haigi ukali. Amepokea jina tu na anakuja na mwendo wake. Na wa kwanza kumtambua sio rafiki yake, ni Dalek, ile Dalek inamgeuzia jicho inamwangalia na unajua imeshajua huyu ni nani. Adui ndo kamkumbuka kwanza.

Binamu alinionyesha kwenye laptopu yake na ile njia nyingine, ya kumrudisha mtu yuleyule kwa kumtafuta anayefanana naye. Hartnell alifariki 1975, ikafika 1983 wanasherehekea miaka 20 wanataka Daktari wa kwanza awepo, wakamchukua Richard Hurndall avae nywele na koti. Kilichoniumiza pale ni kwamba wameanza na kipande cha Hartnell mwenyewe wa kweli, anaaga, anasema atarudi siku moja, halafu ndo anaingia yule mwingine. Mi niliona kosa. Ukishamwonyesha marehemu mlangoni huwezi kunikaribishia mtu mwingine sebuleni ukaniambia ndo yeye. Kwa kweli Hurndall anajitahidi, ana ukali wake, lakini muda wote nilikuwa napima pua.

David Bradley yeye ni kesi nyingine. Mwaka 2013 alimuigiza Hartnell mwenyewe kama binadamu, kwenye muvi ya tivii inayosimulia jinsi tamthilia ilivyoanzishwa, halafu Krismasi ya 2017 wakamrudisha sasa awe Daktari wa kwanza ndani ya hadithi. Na wameanza vilevile na picha za Hartnell, ila hapa sura inageuka mbele ya macho yako kutoka ya yule kuwa ya huyu, nyeusi na nyeupe inaingia rangi. Kidogo nikubali. Sura hazifanani sana, kaumbika kivingine, lakini kakamata kile kitu cha mzee anayekasirika kwa sababu anaogopa. Nampa alama zake. Hata hivyo ukiniuliza kati ya Bradley aliye hai, nyama na damu, na huyu Troughton wa katuni mwenye miguu ya mbao lakini koo lake mwenyewe, nachukua wa miguu ya mbao, na sibadilishi. Fikiria sisi huku. Marehemu baba alikuwa anapanda juu ya bati kugeuza antena ielekee Kenya maana huku bara tivii hatukuwa nayo mpaka 1994, na mtu aliyekuwa anamsubiri ni Mzee Ojwang wa Vitimbi. Ukinichorea Mzee Ojwang leo kwa mkaa ukutani, vibaya, kichwa kikubwa kuliko mwili, ukamwekea ile sauti yake, nakaa chini nacheka. Ukinitafutia mtu anayefanana naye kila kitu aongee na sauti ya kwake, nazima. Wengine mtaona tofauti, sawa.

Waingereza wengine wamefanya hata hiyo ya pili waziwazi, ile vichekesho vyao vya wazee wa mgambo, Dad's Army, sehemu tatu zilizopotea wamezipiga upya 2019 kwa maandiko yaleyale na waigizaji wapya wote. Sijaiangalia kwa hiyo nanyamaza.

Kuna jambo moja zaidi linafurahisha. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba zimepatikana sehemu tisa za Doctor Who zilizokuwa zimepotea, na zimepatikana Nigeria, kwenye kituo cha kurushia matangazo mji wa Jos, filamu zimekaa tu kwenye rafu na vumbi lake miaka yote hiyo. Tisa! Ilibaki sehemu moja tu ya hadithi moja, ya tatu ya The Web of Fear, haikuwepo, na hiyo wameichora 2021. Mtindo wa ile wameufanya kwa kompyuta wa kuzunguka zunguka kama gemu la zamani, binamu kanionyesha dakika kumi nikamwambia toa, nyuso kama nta iliyoachwa juani. Kwa hiyo sio kila katuni nasifia. Hii ya Daleks imechorwa bapa, kawaida, na hiyo ndo salama yake.

Turudi kwenye LUKU. Sehemu ya tano, Lesterson kashachungulia kiwandani kaona jinsi wanavyotengenezwa, anatoka anapiga kelele hakuna anayemsikiliza, paaap, giza. Nikaanza kuhangaika na simu, salio hamna, duka la wakala limefungwa. Mtoto analia anataka kujua. Na hapo ndo nikaona maajabu, nikamsimulia mwenyewe gizani, nikimchanganyia Dalek wa lafudhi ya mgambo, na mama akaanza kuweka sauti ya yule mama mwenye njama ambaye hata jina hakulishika, na hatukukosa kitu. Umeme umerudi kesho yake jioni tukamalizia, ya sita ina mapigano mengi, ni hapo ambapo katuni inaonyesha ufukara, watu wanapigwa risasi wanadondoka wima kama vizibo. Nimeiruka haraka na hamtapoteza kitu nikiiruka hata hapa.

Ilipoisha mama hakunyanyuka. Akaenda kabatini akatoa ile kanda ya peni nyekundu akaiweka mezani, akaniuliza hawa wachoraji wanapatikana wapi. Nikamwambia mama, hao wanachora juu ya sauti, na sisi sauti hatuna. Akasema picha za mgando zipo tisa kwenye albamu, nguo naikumbuka, ukumbi naukumbuka, na alichosema baba yako wakati wa keki nakikumbuka neno kwa neno. Nikamuuliza alisema nini. Akaniambia we si una simu ya kurekodi, lete hiyo simu hapa. Nimerekodi dakika arobaini na moja. Baba mdogo katajwa mara nne, vibaya.

Kwa anayetaka kununua: ni karibu masaa mawili na nusu ukiunganisha zote sita, usiangalie kwa mkupuo, angalia mbili mbili. Ukiwa mtu wa katuni za kisasa za kung'aa utajuta hela yako. Kama unapenda mchezo wa redio, kama ule wa kina Pwagu na Pwaguzi, hii ni yako kabisa, hata ukifumba macho dakika kumi haupungukiwi. Uliza kwanza deki yako inasoma namba 2, na usimpe fundi. Mi naipa nne kati ya tano, ile moja nimeikata kwa ajili ya magoti. Diski ipo, anayeazima aje na deki yake maana jirani kashachukua ya kwake.